Barua kwa mwanangu: Kadi za meli

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Ujiji. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepoa, jana alitembea mwenyewe hadi mwaloni. Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu, na swali lako nisingelimaliza kwa meseji. Uliuliza kama kuna haja ya kukaa chini kukata makaratasi kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu wangu, wakati picha moja ya WhatsApp inawafikia wote kwa dakika. Ukauliza pia, ikiwa ni kadi, hiyo meli anayoitaka utaifanyaje.

Haja ipo. Anayealikwa ni mtoto wa miaka 7, naye hana simu. Meseji inaishia kwa mama yake, anaisoma jikoni, anajibu "asante, tutakuja", basi. Mtoto anakuja kuambiwa siku ileile avae viatu. Kadi anapewa mkononi, ina jina lake, anailaza chini ya mto na kuhesabu siku. Wazazi watumie meseji, sikukatazi, maana wao ndio wa kuelekezwa njia.

Sasa meli. Tangu babu yake ampeleke bandarini likizo ya Desemba, mume wangu huyo mdogo hana wimbo mwingine ila Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Mpe Liemba basi, lakini usiitoe ikiwa nzima. Meli yenyewe haikuja Kigoma nzima. Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaitia kwenye makasha. Ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ikapita hapo Tabora mnapokaa, ikaunganishwa upya huku kwetu na kushushwa ziwani mwaka 1915. Nanyi fanyeni hivyo. Kila mwalikwa apate bahasha yenye meli iliyofunguliwa: mwili, chumba cha juu, dohani, bendera. Aiunge kwao, aje nayo siku ya sherehe. Mkizipanga kumi na mbili juu ya kanga ya buluu, meza imeshapambika.

Liemba ina urefu wa mita 71 hivi. Kila sentimeta 1 ya karatasi iwe mita 5 za meli, mwili utakuwa sentimeta 14 na milimita 2. Apime mwenyewe kwa rula, maana hesabu ya namna hii mtoto haisahau. Tengenezeni kiolezo kimoja cha boksi gumu, akilaze juu ya manila na kukizungushia penseli. Kimo kisizidi sentimeta 4, na A4 moja itawapa miili kumi. Omo, yaani mbele ya meli, iinuke kidogo; tezi, yaani nyuma, iwe ya duara. Rangi achague yeye. Akitaka meli ya zambarau, iwe ya zambarau.

Gundi ya dukani mtaiona kwenye duka la vifaa vya shule, ila mimi nakushauri uji wa unga wa ngano, mzito, uliopoa kabisa. Ukiwa mwepesi karatasi inajikunja kama jani la mgomba juu ya moto. Jaribuni kuunga meli moja kabla ya kugawa, ilazeni chini ya kitabu kizito usiku mzima.

Maneno yaandikwe nyuma ya mwili. Yawe machache: "Safari ya miaka 7. Meli inaondoka Jumamosi saa 8 mchana, inarudi saa 11 jioni. Bandari ni kwetu, nyumba ya mwembe wa kona." Tarehe uiweke, na namba yako ya simu. Saa usiisahau hata kidogo. Sherehe yenu ya kwanza niliandika siku peke yake. Wengine walikuja asubuhi, pilau likaisha, na mtoto wa jirani akafika jioni na daftari lake la zawadi amelifunga kwa gazeti na uzi mwekundu, akakuta tunafagia. Alisimama mlangoni amelikumbatia. Bado inaniuma.

Na kadi msizigawe darasani. Wale wasiopata wataona. Mpelekeeni kila mmoja kwao, jioni, yeye akabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

Kuna jambo moja nilitaka kukwambia zaidi ya yote hayo. Ulipokuwa unatimiza miaka 6 ulikata kadi za samaki, migebuka, tano. Mikia ilikuwa imepinda, na mmoja ulikuwa umemkata pezi ukamrudishia kwa gundi. Usiku ulipolala nikachukua mkasi nikazikata upya zote, zikanyooka. Asubuhi ulizitazama ukaniuliza, "Mama, zangu ziko wapi?" Nilikuwa nimeshaziwashia mkaa. Ukakataa kwenda kuzigawa, nikazipeleka mimi. Labda wewe umesahau. Mimi sijasahau, na naomba unisamehe. Mkasi ukiwa mkononi mwake, mwachie. Wewe kata boksi gumu tu, na mahali pa wembe. Dohani ikiinama, iiname.

Zikibaki meli, moja nitumie kwa treni, kwenye bahasha, bila kuungwa. Baba yako ameshaniambia uji wa gundi atapika yeye.

Mama yako