Bangili haina chapa nyuma: je, ni kazi ya Wanavajo kweli?

SWALI: Shikamoo. Nipo Phoenix, Arizona. Bibi niliyemuuguza miaka minne amefariki, na wanawe wamenipa bangili yake ya fedha yenye mawe matatu ya feruzi, pamoja na kidani chenye kipande cha umbo la mwezi mchanga. Wanasema ni kazi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku kusini-magharibi mwa Marekani, na mama yao aliinunua Gallup, New Mexico, akiwa msichana. Nyuma hakuna chapa yoyote, hata 925, ile ya kuonyesha fedha ya asilimia 92.5. Duka moja liliweka vyote kwenye mizani na kunitajia bei ya gramu. Binti yangu anasema nivisugue ving'ae kwanza. Nakutumia picha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Usivisugue, na kwenye mizani ile usivirudishe. Ule weusi uliotulia ndani ya nakshi umekaa hapo kwa miaka mingi, na wanunuzi wanaojua kazi hii wanautafuta. Ukiutoa leo, haurudi.

Kukosa chapa kusikutie hofu. Kazi ya fedha ilishamiri kwa Wanavajo baada ya 1868, waliporudi kutoka kifungoni Bosque Redondo, kambi ya jeshi la Marekani huko New Mexico, na feruzi ikaanza kupachikwa kwenye fedha miaka ya 1880 hivi. Mafundi walikuwa wakiyeyusha dola za Marekani, kisha peso za Meksiko, ambazo fedha yake ni asilimia 90 hivi. Kwa hiyo sonara akikupimia na kusema "haifiki 925", usidhani umepewa kitu hafifu. Huenda hiyo ndiyo dalili ya umri. Wengi wao hawakuwa na desturi ya kupiga chapa zao mpaka miaka ya 1970. Na chapa ya 925 peke yake inaizungumzia fedha tu, haimtaji aliyeifua.

Picha ya upande wa ndani wa bangili nimeitazama kuliko ya mbele. Ona jinsi mapigo ya mihuri, vile vyuma vya kugongea nakshi, yalivyoacha vivuli upande wa pili wa bamba. Ona pia kuelekea ncha ya kushoto: nafasi kati ya nakshi zinabana, kwa sababu fundi alikuwa anakadiria kwa jicho na bamba likamwishia. Ncha zimelainishwa kwa tupa, na moja ni nene kidogo kuliko mwenzake. Nakala za kumiminwa kwenye kalibu kwa kawaida hazina hayo. Nakshi zake huwa butu, kama sabuni iliyotumika.

Kwenye kidani, chukua lenzi inayokuza mara 10 utazame shanga. Za kufuliwa kwa mkono ni vibakuli viwili vilivyounganishwa kwa lehemu, hivyo tafuta mstari katikati, na ukubwa wake haulingani sawasawa. Ule mwezi mchanga huitwa naja. Ulifika huko na hatamu za farasi za Wahispania, ambao nao waliupata kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini. Si ajabu unafanana na hilali.

Mawe sasa. La katikati limegeuka kijani, nami nimelifurahia. Feruzi ya asili isiyotiwa dawa hunywa mafuta ya ngozi na kubadilika pole pole. Iliyojazwa gundi ili iwe ngumu hubaki na rangi yake. Hiyo ya gundi si bandia, ila thamani yake ni ndogo na muuzaji anapaswa kukuambia. Bandia hasa ni plastiki, au jiwe jeupe lililotiwa rangi, na hapo utaona rangi imejikusanya kwenye nyufa. Mtu asikuchomee jiwe kwa sindano ya moto akidai anapima, atakuachia kovu. Wala usilowanishe bangili: mafundi wengi waliweka unga wa mbao chini ya jiwe kuliinua, na ukinywa maji hufura na kulisukuma jiwe nje.

Ukifika kwa mthamini, mwambie unataka bei ya nini. Thamani ya bima ni gharama ya kupata kingine kama hicho dukani, nayo huwa juu. Bei ya soko ni ile ambayo watu wawili wasiolazimishwa wangekubaliana. Anayonunulia mfanyabiashara iko chini ya zote mbili, na bei ya gramu uliyotajiwa ni ya kuyeyusha tu. Lipia kwa kazi au kwa saa, usikubali malipo ya asilimia ya thamani atakayotaja, na asiwe mtu anayetaka kuvinunua. Akikutajia jina la mgodi maarufu, kama Lander Blue, muulize amejuaje. Rangi peke yake haitoshi, na jina hilo hupandisha bei mno.

Jambo moja ulifanye wiki hii, kabla wanawe hawajatawanyika: waombe wakuandikie mistari michache, mama yao alinunua wapi na lini, na kama kuna picha ya zamani amevaa bangili hiyo, wakupe nakala.