Maambukizi Ni Nini Hasa? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Maswali mengi yaliyofika kwenye safu hii yanahusu neno maambukizi, na mengi yameandikwa na watu waliosomewa neno hilo kwenye majibu ya vipimo kisha wakaachwa walifasiri wenyewe. Hofu inayoonekana katika maswali hayo ni ya kweli, na sehemu kubwa yake ingeweza kuondolewa kwa maelezo ya dakika chache. Ninayajibu hapa moja baada ya jingine.

Daktari ameandika kwamba nina maambukizi ya njia ya mkojo. Je, nitawaambukiza watu ninaoishi nao?

Hapana. Katika utabibu, maambukizi ni hali ambayo vimelea huingia mahali katika mwili ambapo havikupaswa kuwapo, vikajishikiza hapo, vikaongezeka na kuufanya mwili upambane navyo au udhurike. Maelezo hayo hayasemi lolote kuhusu vimelea vilikotoka, wala hayasemi kama vinaweza kumfikia mtu mwingine. Maambukizi mengi ya njia ya mkojo husababishwa na bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wa mgonjwa mwenyewe; tatizo huanza pale anapopanda kwenye mrija wa mkojo na kufika kwenye kibofu. Hakuna mtu aliyekupa maradhi hayo, na hutampa mtu kwa kula naye sahani moja au kutumia naye choo kimoja. Hata hivyo, maumivu wakati wa kukojoa yanaweza pia kutokana na magonjwa ya zinaa kama kisonono, ambayo hupita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa ngono, na kwa sababu hiyo kipimo kinafaa kuliko kukisia.

Kinacholeta mkanganyiko ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku, kuambukiza ni tendo la watu wawili, mmoja anayetoa na mwingine anayepokea, kwa hiyo mtu akiambiwa ana maambukizi huanza mara moja kumtafuta aliyempa. Ndoa huingiwa na shaka kwa sababu hii bila kosa la yeyote. Ukweli ni kwamba kila kimelea kina njia yake ya kusafiri. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama na huingia kupitia kidonda, na anayemuuguza mgonjwa wa pepopunda hawezi kuipata kutoka kwake. Malaria humhitaji mbu jike wa jamii ya Anopheles. Bila mbu, mgonjwa anaweza kulala chumba kimoja na wenzake bila kuwadhuru. Kipindupindu hupita hasa kwenye maji na chakula kilichochafuliwa, jambo ambalo daktari John Snow alilibaini mwaka 1854 jijini London alipoonyesha kwamba vifo vilikuwa vimekusanyika kuzunguka pampu moja ya maji, wakati wengi wa wakati wake waliamini kuwa ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Kwa hiyo ukiambiwa una maambukizi, uliza swali la pili papo hapo: vimelea hivi hufikaje kwa mtu mwingine, au havifiki kabisa?

Kipimo kilionyesha kwamba nina bakteria puani, lakini sikupewa dawa. Nimepuuzwa?

Hukupuuzwa. Ngozi, pua, kinywa na utumbo vina bakteria wengi sana tangu siku za mwanzo za maisha, na kuwapo kwao si maambukizi. Staphylococcus aureus, kwa mfano, huishi katika pua za takribani asilimia 30 ya watu bila kuwaletea shida yoyote. Bakteria huyohuyo akiingia kwenye kidonda cha upasuaji au kwenye kiungo kilichowekewa chuma, anaweza kuleta maambukizi mazito, na kwa sababu hiyo baadhi ya hospitali huwapima na kuwasafisha wagonjwa wanaosubiri upasuaji fulani. Vivyo hivyo, wazee wengi hukutwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote, na kwa kawaida hawapewi dawa. Wajawazito ni kundi tofauti: wao hutibiwa hata wasipokuwa na dalili, kwa sababu bakteria hao wanaweza kufika kwenye figo na kuhatarisha ujauzito. Majibu ya maabara hayatoshi peke yake. Husomwa pamoja na hali ya mtu.

Kuna tofauti gani kati ya mtu aliyeambukizwa na mtu mgonjwa?

Ningeomba swali hili lijibiwe katika kila shule na katika kila chumba cha kusubiria daktari, kwa sababu kulichanganya kumewatesa watu wengi. Kuambukizwa ni vimelea kuingia na kutulia mwilini. Kuugua ni mwili kudhurika kiasi cha kuonyesha dalili. Kuambukiza wengine ni jambo la tatu. Mambo haya matatu yanaweza kwenda pamoja, na yanaweza pia kuachana kabisa.

Kifua kikuu kinalionyesha hili waziwazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu, yule ambaye Robert Koch aliutangazia ulimwengu ugunduzi wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kati ya walioambukizwa, ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua wakati fulani maishani, na hatari hiyo huongezeka kinga ya mwili inapodhoofika. Waliobaki kinga yao humzingira bakteria huyo na kumdhibiti. Hawakohoi, hawapungui uzito, na hawamwambukizi mtu yeyote kwa kuwa kifua kikuu kikiwa kimelala hakitoki nje. Kumkimbia mtu wa namna hii ni kumdhulumu.

VVU na UKIMWI navyo huchanganywa kila siku, ilhali kimoja ni kirusi na kingine ni hatua ya mwisho ya madhara yake. UKIMWI ulielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari mwaka 1981, na kirusi chenyewe kikatambuliwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris mwaka 1983. Mtu anaweza kuishi na VVU kwa miaka mingi bila kufika kwenye UKIMWI, na akitumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo anaweza asifike kamwe. Zaidi ya hayo, tafiti kubwa zilizowafuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana zimethibitisha kwamba mtu ambaye virusi vyake vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo, na ambaye anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Huyu ameambukizwa, si mgonjwa, na kwa njia hiyo haambukizi. Jina analopewa mitaani halimtendei haki hata kidogo.

Upande wa pili nao upo. Mary Mallon, mpishi aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri huko New York, alikuwa na bakteria wa homa ya matumbo mwilini bila kujisikia mgonjwa, na watu aliowapikia waliugua nyumba kwa nyumba. Alitengwa kisiwani kuanzia mwaka 1907 hadi 1910, akaachiliwa kwa sharti la kutopika, kisha akakutwa anapika tena na kutengwa kuanzia mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1938. Hakuamini kamwe kwamba yeye, mwenye nguvu na afya njema, angeweza kuwadhuru wengine, na ninaona ni vigumu kumlaumu, kwa maana alikuwa anaambiwa jambo ambalo mwili wake wote ulilikanusha. Surua nayo huanza kuambukiza takribani siku 4 kabla ya upele kujitokeza, wakati mzazi bado anadhani mtoto ana mafua tu.

Kifundo changu cha mguu kimevimba, kina joto na kimekuwa chekundu. Hayo si maambukizi?

Huenda yakawa, lakini dalili hizo peke yake hazithibitishi. Wekundu, uvimbe, joto na maumivu ziliorodheshwa na mwandishi Mroma Celsus katika karne ya kwanza, na dalili hizo huonyesha kwamba mwili unajibu jeraha au uchokozi wa aina yoyote. Kuteguka huzileta, gauti huzileta, na baridi yabisi huzileta, bila kimelea hata kimoja kuhusika. Vimelea ni sababu mojawapo tu. Kwa upande mwingine, usitulie kwa kudhani umeteguka: kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, kinahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa bakteria wakiingia ndani ya kiungo wanaweza kukiharibu kwa muda mfupi.

Kama nina maambukizi, kwa nini nimenyimwa antibiotiki?

Kwa sababu antibiotiki huua bakteria, au huwazuia wasiongezeke, na maambukizi yako pengine ni ya virusi. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli zao; virusi havina ukuta huo. Mafua ya kawaida, na koo nyingi zinazouma, huponywa na kinga ya mwili na muda. Dawa isiyohitajika haikusaidii, inaweza kukuharisha, na inawapa bakteria walio mwilini mwako nafasi ya kuwa sugu.

Nina jamaa mwenye saratani. Ndugu wengine wanasema inaambukiza. Ni kweli?

Saratani haipiti kwa kumgusa mgonjwa, kumbusu, kumwogesha wala kulala karibu naye, na ninawasihi ndugu zako waende wakakae naye. Penye ukweli mdogo unaozaa uvumi huu ni hapa: baadhi ya saratani huanzishwa na maambukizi yaliyotangulia, mara nyingi miaka mingi kabla. Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha kwamba virusi vya papiloma husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuleta saratani ya ini. Bakteria Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha kuwa analeta ugonjwa wa tumbo, huongeza hatari ya saratani ya tumbo. Katika mifano hii yote, kinachoambukizwa ni kimelea, na wengi wanaokipata hawafiki kwenye saratani. Habari hii ina faida, kwa sababu virusi vya papiloma na vya homa ya ini B vina chanjo.

Tunasema kicheko kinaambukiza na hofu inaambukiza. Je, ni makosa?

Si makosa. Watu walikuwa wakisema kwamba tabia na hisia huenea kutoka kwa mmoja hadi mwingine muda mrefu kabla ya yeyote kuona bakteria, na miayo huenea kweli. Hata virusi vya kompyuta vimepewa jina linalovifaa, kwa kuwa navyo haviwezi kuongezeka bila kutumia mfumo wa mwenyeji. Ninachokipinga kwa dhati ni kuwataja watu wenyewe, au kabila, au wageni, kana kwamba wao ndio ugonjwa. Usemi huo huchukua hofu halali ya vimelea na kuwabandika binadamu, na binadamu akishaitwa ugonjwa, wanaomwogopa hujiona wana haki ya kumfukuza na kumnyima huduma.

Wazee husema maambukizi yakizidi "sumu huingia kwenye damu". Madaktari wanaliitaje jambo hilo?

Wanaliita sepsisi, na wazee wako wameona jambo la kweli, ingawa maelezo ni tofauti kidogo. Tangu ufafanuzi wa wataalamu wa mwaka 2016, sepsisi hueleweka kuwa ni hali ambayo mwili hujibu maambukizi kwa namna isiyodhibitika, kiasi kwamba viungo vyake vyenyewe vinaanza kushindwa kufanya kazi. Maambukizi yanaweza kuwa yalianzia kwenye mapafu, kibofu, kidonda au kwenye kizazi baada ya kujifungua, na bakteria wenyewe wasipatikane hata kwenye damu. Dalili za kuangalia ni kuhema kwa kasi, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, mapigo ya moyo kwenda mbio, mkojo kupungua sana, ngozi kuwa baridi au kubadilika rangi, na homa kali au, hasa kwa wazee na watoto wachanga, mwili kupoa kuliko kawaida. Dalili hizi zikimtokea mtu mwenye maambukizi, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku, na umweleze anayempokea kuhusu kidonda, upasuaji au uzazi wowote wa hivi karibuni, kwa sababu taarifa hiyo humwezesha daktari kuanza dawa sahihi bila kuchelewa.