Swali: Je, uchoraji wa sura za viumbe ulianza kwa ushirikina? Na nimeombwa kuchora picha ya mwalimu wetu marehemu

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji. Mhadhiri wetu alituonyesha michoro ya mapango ya kale, akasema binadamu alianza kuchora watu na wanyama kwa ajili ya ibada, kwa hiyo sanaa hii yote mizizi yake ni ushirikina. Je, ni kweli? Kama ni kweli, mbona Nabii Sulaiman (a.s.) alitengenezewa masanamu? Jambo la pili: uongozi wa madrasa niliyosoma utotoni umeniomba nichore picha kubwa ya uso wa mwalimu wetu marehemu, itundikwe darasani ili watoto wamkumbuke. Nimeshapokea nusu ya malipo na kuanza kazi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Umefanya vyema kuuliza kabla kazi haijaisha. Nianze na mapango, maana hapo mhadhiri wako amedai zaidi ya awezavyo kuthibitisha.

Miongoni mwa michoro ya kale zaidi ya viumbe iliyopimwa umri ni ule wa pango la Leang Karampuang, katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia: nguruwe mwitu, na karibu naye maumbo matatu yanayofanana na watu. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kuwa una umri usiopungua miaka 51,200. Walichopima ni utando wa chokaa uliojijenga juu ya rangi, ndiyo maana wanasema "usiopungua". Ujerumani, katika pango la Hohlenstein-Stadel, vilipatikana mwaka 1939 vipande vya sanamu iliyochongwa kwa pembe ya mamothi, mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka. Vilipounganishwa, ikatokea sanamu yenye kimo cha sentimita 31 hivi, mwili wa mtu na kichwa cha simba, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 40,000. Katika mapango mengi pia kuna alama za viganja: mtu alibandika mkono kwenye jiwe, akapulizia udongo mwekundu pembezoni, akautoa mkono, ikabaki nafasi wazi yenye umbo la vidole vyake.

Sasa ni nani aliyetueleza nia za watu hawa? Hawakuacha hata neno moja la maandishi. Watafiti wenyewe wamegawanyika: wako wanaosema ni mambo ya kafara na uganga wa uwindaji, wako wanaosema ni masimulizi tu. Yule mtu mwenye kichwa cha simba anatia shaka kweli, kwa sababu kiumbe wa namna hiyo hajapata kuonekana, lakini shaka haijawa ushahidi. Allah ametukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo (Al-Israa: 36). Basi tusiwatuhumu kwa shirki watu tusiowajua kwa sababu tu walichora nguruwe ukutani. Wala miaka hiyo isikutie wasiwasi, kwa kuwa Qur'ani haikutaja ni miaka mingapi imepita tangu Adam (a.s.).

Tulichonacho kwa yakini ni habari ya namna picha ilivyogeuka kuwa mungu, na habari hiyo ina uzito mkubwa kwako kuliko mapango yote. Katika Surat Nuh, aya ya 23, watu wa Nuh (a.s.) wanahimizana wasiiache miungu yao: wasimwache Wadd, wala Suwaa, wala Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas (r.a.), sahaba na binamu yake Mtume, katika riwaya aliyoipokea Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, anasema haya yalikuwa majina ya watu wema wa kaumu ya Nuh. Walipokufa, shetani aliwatia watu wao wazo la kusimamisha sanamu katika vikao walivyokuwa wakikaa, na kuziita kwa majina yao. Wakafanya hivyo. Hazikuabudiwa wakati huo. Walipokufa wale waliozisimamisha, na elimu ikatoweka, ndipo zikaabudiwa.

Itazame vizuri riwaya hii. Kizazi cha kwanza hakikukusudia kufuru. Kilikuwa na majonzi, kiliwapenda wacha Mungu wake, kikataka vikao vyao visibaki vitupu. Nia ilikuwa njema, na mahali palipochaguliwa ni palepale watu walipokuwa wakinufaika nao. Kilichopotea katikati ni elimu: mjukuu aliikuta sanamu yenye jina, yenye heshima, iliyosimama mahali pa heshima, na hakuna aliyebaki wa kumwambia kwamba huyu alikuwa mtu kama wewe. Na hivyo ndivyo watu wa Ibrahim (a.s.) walivyomjibu alipowauliza masanamu haya ni nini. Hawakuwa na hoja yoyote ila kwamba waliwakuta baba zao wakiyaabudu (Al-Anbiyaa: 52-53). Ummu Habiba na Ummu Salama (r.a.) walipomsimulia Mtume (s.a.w.) kanisa waliloliona Uhabeshi lenye picha ndani yake, aliwaambia kuwa watu hao, akifa mtu mwema miongoni mwao, hujenga mahali pa ibada juu ya kaburi lake na kuweka humo picha hizo, akawakemea kwa maneno mazito sana.

Hiyo ni sababu moja ya katazo. Ya pili ni adabu kwa Muumba. Allah amejiita Al-Musawwir, Mwenye kutia sura (Al-Hashr: 24), na Yeye ndiye anayetuumba matumboni mwa mama zetu atakavyo (Aal Imran: 6). Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas akamwambia kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, na kwamba anatengeneza picha hizi. Ibn Abbas akamsomea hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.): atengenezaye picha, Allah atamwadhibu mpaka aipulize roho, na kamwe hataweza. Yule mtu akatweta kwa nguvu, uso ukampauka. Ibn Abbas hakumwacha katika hali ile. Alimwambia, ikiwa huna budi, basi chora miti na kila kisicho na roho. Napenda sana jawabu hili, kwa sababu aliuona mkono wa fundi na njaa ya nyumbani kwake, akamfungulia mlango wa halali papo hapo.

Kuhusu Sulaiman (a.s.), aya ya 13 ya Surat Sabaa iko wazi kwamba majini walimtengenezea masanamu. Baadhi ya wafasiri wamesema hayakuwa ya viumbe vyenye roho, na wengine wamesema yalikuwa ya viumbe na iliruhusiwa katika sheria yake, kisha sheria yetu ikafunga mlango huo. Mimi naegemea kauli ya pili. Katika kauli hiyo mna jibu la mhadhiri wako pia: lingekuwa umbo lenyewe ni shirki, lisingeruhusiwa kwa Nabii yeyote, kwa kuwa tauhidi, yaani kumpwekesha Allah, haikubadilika kutoka kwa mtume mmoja hadi mwingine. Kinachobadilika ni kinga zinazowekwa kuizunguka.

Na hata katika sheria yetu Mtume (s.a.w.) alipambanua. Aliuondoa pazia wa Bi Aisha (r.a.) uliokuwa na picha, lakini kitambaa kilekile kilipokatwa kikawa mito miwili, alikuwa akiikalia. Alipomwona na wanasesere wake, na kati yao farasi wa vitambaa mwenye mbawa mbili, alimuuliza farasi gani huyu mwenye mbawa. Bi Aisha akajibu: hukusikia kwamba Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Kinachotundikwa juu kikatazamwa kwa heshima kina hukumu yake, na kinachokaliwa au kuchezewa na mtoto kina hukumu nyingine.

Wanazuoni nao hawakuafikiana katika yote. Imam Nawawi, na ndiyo kauli mashuhuri kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, anaharamisha kutengeneza sura ya chenye roho, iwe na kivuli kama sanamu au isiwe nacho kama mchoro. Kwa Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imam Malik, mchoro bapa usio na kivuli ni makruhu, yaani wachukiza bila kuwa haramu. Picha za kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliziruhusu kwa hoja kwamba kamera inanasa tu kivuli cha alichokiumba Allah na haiumbi kitu. Sitakuficha kuwa nafuata kauli ya Nawawi katika uchoraji wa mkono, ila simwiti fasiki mwenye kufuata kauli nyingine ya wanazuoni.

Sasa kazi yako. Hata kwa kauli nyepesi kabisa, picha hii siiruhusu. Ni mtu mwema, amekufa, ni uso wake, utawekwa juu katika kikao alichokuwa akifundishia, kwa watoto ambao wengi wao hawakumwona. Hakuna sharti hata moja katika kisa cha kaumu ya Nuh linalokosekana hapa, isipokuwa muda.

Acha kuchora. Ikiwa uso umeshachorwa, ufute. Jibril (a.s.) aliagiza sanamu iliyokuwa nyumbani kwa Mtume ikatwe kichwa ili iwe kama mti, kwa hiyo usilazimike kuichana turubai yote. Nenda kwa uongozi wa madrasa, uwasomee riwaya ya Ibn Abbas kwa upole, kwani naamini wamekusudia kheri. Kisha wape badala yake: waulize wanafunzi wake wa zamani alikuwa akisema nini, alifundisha vitabu gani, alisoma kwa nani, uyaandike kwa hati nzuri uipambe kwa majani na maua, uitundike ukuta uleule. Mtoto atakayeusoma ukuta huo atapata elimu aliyoiacha mwalimu, na elimu ndiyo iliyokosekana kwa wajukuu wa kaumu ya Nuh. Wakikubali, nusu ya malipo uliyopokea itakuwa ya kazi hiyo mpya kwa maelewano mapya. Wakikataa, warudishie yote, ukitoa gharama ya rangi na turubai ikiwa wao wenyewe wataridhia.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.