Muulize Nesi: Binti yangu kanyong'onyea huko Helsinki

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Nesi. Mwanangu wa kike anasoma Helsinki, Ufini, mwaka wa pili sasa. Tangu Novemba amebadilika. Analala masaa kumi na mbili na bado anaamka kachoka, chakula chake mikate na chokoleti, nguo zinambana, vipindi anakosa, simu hapokei. Mwaka jana ilikuwa vivyo hivyo, ilipofika Aprili akachangamka mwenyewe. Baba yake anasema ni uvivu. Shangazi yake wa Pangani anasema kahusudiwa, na kombe ameshaliandikisha. Nifanyeje?
Mama wa Makorora, Tanga

JAWABU: Waaleikum salaam, mama. Kilichonigutusha katika barua yako ni hiyo Aprili. Husda haina kalenda. Kinachokuja Novemba na kuondoka Aprili, miaka miwili mfululizo, kinafanana sana na sonona ya majira (ugonjwa wa moyo kuzama unaorudi kila msimu wa giza), ambayo daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake waliieleza Marekani mwaka 1984. Usingizi usiokwisha na uchu wa vyakula vya wanga ndiyo sura yake. Baba mtoto naye aambiwe, kwa upole.

Sisi Tanga hatuijui adha hii. Mchana wa Juni na wa Desemba hupishana nusu saa na ushei. Helsinki mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Mimi nilisomea ukunga Edinburgh, Uskochi, naingia zamu gizani, natoka gizani. Siku moja nililia kwa sababu ya chapati iliyoungua! Nikajisemea ni ukiwa wa kwetu. Kumbe mwili ukikosa mwanga wa asubuhi, saa yake ya ndani huvurugika, usingizi na moyo vikaenda mrama pamoja.

Kwanza amwone daktari wa chuo. Ipo taa maalumu ya tiba, ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), iliyochujwa mionzi ya urujuanimno. Aiwashe nusu saa kila asubuhi, punde tu aamkapo, anywe chai yake mbele yake bila kuikodolea macho. Taa ya chumbani haifui dafu. Wengi huona nafuu ndani ya wiki moja au mbili. Ila kama ana maradhi ya macho, au amewahi kupatwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi hata halali, asiiguse bila daktari. Zipo pia dawa, na tiba ya mazungumzo. Mchana atoke nje, hata kama kuna mawingu. Na akitamka kwamba hataki kuishi, hilo halingoji kesho: kule namba ya dharura ni 112.

Kombe sikukatazi. Lakini nauli ya kuisafirisha hiyo chupa, jazia kwenye bei ya taa.

Na simu zako za saa tano usiku ziache, mama. Piga saa mbili asubuhi, kwao ni saa moja. Usianze na mbona husomi, mbona huswali. Muulize taa kaiwasha.