Kompresa ya kupigia mchanga: anza na tundu la nozo, mtungi utafuata

Mwaka juzi niliamua kufufua miguu ya cherehani ya marehemu bibi. Ni ile miguu ya chuma ya cherehani ya kukanyaga, yenye maua maua, na kutu ilikuwa imejikita kila kona. Msasa ulinishinda siku ya kwanza. Brashi ya waya kwenye grinda ilisafisha sehemu za wazi tu. Fundi mmoja wa mageti hapa Nkuhungu, Dodoma, akaniambia, "Kaka, hiyo ipige mchanga, utasahau habari ya msasa." Yaani kuurusha mchanga kwa nguvu ya hewa mpaka kutu itoke. Nikaenda kutafuta kompresa.

Nilinunua kwa macho. Ilikuwa ya mtungi wa lita 24, ya kubeba kwa mkono mmoja, isiyotumia oili, imeandikwa HP 2, yaani nguvu ya mota. Muuzaji akasema, "Bosi, hii inafanya kila kitu." Tairi la gari ilijaza vizuri, sikatai. Lakini nilipoiunganisha na bunduki ya mchanga, ilipiga kwa nguvu sekunde ishirini hivi, ikaanza kukohoa, halafu mchanga ukawa unadondoka kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye mahindi. Geji ya presha ilikuwa imeshuka kutoka bar 8 hadi 3. Nikasubiri ijae, nikapiga tena. Mpaka magharibi nilikuwa nimesafisha eneo la kiganja, na kichwa cha pampu kilikuwa hakigusiki kwa moto.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mchanga hausukumwi na presha ya mtungi peke yake. Unasukumwa na wingi wa hewa inayopita kila dakika, na wingi huo unaamuliwa na tundu la nozo, ile ncha ya bunduki mchanga unakotokea. Kwa presha ya bar 6, tundu la milimita 2 linakula takriban lita 200 za hewa kwa dakika. La milimita 2.5 linavuka lita 300. La milimita 3 linafika 450 hivi. Angalia linavyoruka: milimita moja tu imeongezeka, hewa imezidi maradufu. Bunduki yangu ilikuja na nozo ya milimita 3, na pampu yangu, nilivyokuja kupima baadaye, ilikuwa inatoa lita 100.

Kwa hiyo dukani usiulize HP ngapi, wala usidanganywe na ukubwa wa mtungi. Uliza inatoa lita ngapi kwa dakika, na hata hapo usiamini kibandiko. Namba inayoandikwa mara nyingi ni ya hewa inayoingia kwenye pistoni. Inayotoka kweli huwa kama theluthi mbili yake. Sisi wa Dodoma tuna makato mengine: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi, na pistoni inameza hiyo hiyo nyepesi. Kompresa iliyoandikwa lita 250 kwa dakika mimi naihesabia 150.

Kuipima ni rahisi, unahitaji simu tu. Mwambie muuzaji aiwashe huku koki ya kutolea imefungwa. Sindano ya geji ikifika bar 5, anza kuhesabu sekunde mpaka ifike 7. Zidisha lita za mtungi kwa 2, gawanya kwa sekunde, kisha zidisha kwa 60. Mtungi wa lita 100 ukichukua sekunde 80, hiyo ni lita 150 kwa dakika. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Mtungi ni akiba tu. Chukua hiyo pampu ya lita 150 na mtungi wa lita 100. Ukiwa na nozo ya milimita 2, unapiga dakika tano hivi presha ikishuka kutoka bar 8 hadi 5.5, halafu unapumzika. Ukiweka ya 2.5, hufiki dakika mbili. Kwa mtu anayepiga mchanga mara tatu nne kwa mwaka, mimi ningechukua hiyo hiyo: ya mkanda (mota inazungusha pampu kwa mkanda), yenye oili, HP 3, mtungi wa lita 100, ya magurudumu, na nozo ya milimita 2. Ndiyo niliyonayo sasa, niliinunua ikiwa imetumika. Inakwenda taratibu, lakini haikohoi. Zile zisizo na oili zina kelele na hazipendi kazi mfululizo. Hizo muachie fundi wa tairi.

Nozo nayo inalika. Ya seramiki ya milimita 2.5 ikifika 3.5 inakula hewa karibu mara mbili, na wewe utadhani kompresa imechoka. Nunua mbili tatu kwa pamoja.

Umeme: usiivute kompresa kwa ekstensheni nyembamba ya mita 20. Mota itanguruma bila kuzunguka, kisha itanuka. Iweke karibu na soketi na urefushe mpira wa hewa. Hapo unapata faida ya pili, kwamba mashine inakaa mbali na vumbi. Upepo wa Dodoma mnaujua, na kichujio cha pampu kikijaa vumbi, hewa inapungua. Iwe upande upepo unakotoka. Fungua maji ya mtungi kila ukimaliza, hasa masika, maana mchanga ukipata unyevu unaganda kwenye nozo.

Na huo mchanga: wa mtoni tunao wa bure, na ndio niliotumia siku ile nikiwa nimejifunga kitambaa usoni. Nilikosea vibaya. Ukigonga chuma unapasuka kuwa vumbi la silika lisiloonekana, nalo linaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Uingereza waliuzuia kwenye kazi hii kwa kanuni za 1949. Tafuta garneti (punje za madini magumu) au chenga za chupa, vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, na watoto wasiwepo uani.

Kama una geti moja tu, usinunue chochote. Mzee mmoja wa pancha pale barabarani ana kompresa ya mtungi wa lita 300 ambayo Jumapili asubuhi huwa imelala. Nilimwendea na bunduki yangu na mguu wa pili wa cherehani begani. Aliutazama, akacheka, akasema, "Haya kijana, unga hapo, ila vumbi lako upeleke kule nyuma." Kabla ya saa tano maua yote yalikuwa meupe.