Maswali ya Wasomaji: Volti 12 Zinazosomeka 3

SWALI: Kompyuta yangu inatumia Linux, na chipu ya vipimo iliyo kwenye ubao mama ni ya ITE. Programu ya lm-sensors inaonyesha volti 3.02 kwenye mstari wa in4, ambao kwa kulinganisha na BIOS nimeona ndio wa volti 12. Nilipopima waya wa njano kwa maltimita nilipata 12.13. Mwenzangu ananishauri niongeze 9.11 kwenye usomaji ili hesabu ilingane. Je, nimsikilize, au pawa saplai ndiyo mbovu?

JIBU: Pawa saplai yako ni nzima, maana kiwango cha ATX kilichozoeleka kwa pawa saplai za kompyuta kinaruhusu laini ya volti 12 icheze kati ya volti 11.40 na 12.60. Ushauri wa mwenzako, hata hivyo, usiufuate.

Chipu za aina hiyo kwa kawaida hazipimi zaidi ya volti 4 hivi, kwa hiyo mtengenezaji wa ubao huupunguza umeme kwa rezista mbili kabla haujafika kwenye chipu. Rezista za kiloomu 30 na 10 huugawa umeme kwa 4, na ndiyo maana programu isiyojua habari za rezista hizo inakuonyesha robo tu. Gawanya 12.13 kwa 3.02 utapata 4.02, ambayo ni 4 kwa maana yoyote ile ya kifundi.

Kilichogawanywa hurudishwa kwa kuzidisha. Tuseme umeme umeshuka kweli hadi 11.33, yaani chini ya mpaka: chipu itaona upungufu wa volti 0.20 pekee, na programu iliyoongezewa 9.11 itakuambia 11.93, nawe utalala usingizi mnono huku kompyuta ikijizima ovyo. Kosa hili ni baya kuliko kutosahihisha kabisa, kwa sababu 3.02 angalau inamshtua mtu.

Fungua faili jipya ndani ya /etc/sensors.d/, andika mstari wa chip unaotaja chipu yako kama amri ya sensors inavyoitaja, kisha chini yake uandike (alama ya @ inasimama badala ya thamani inayohesabiwa):

compute in4 @*4, @/4

Sehemu ya pili, ile ya kugawanya, inatumika pale programu inapoiandikia chipu mipaka ya tahadhari, hivyo usiiache.

Ukiendesha sensors tena utaona takriban 12.10. Linganisha na maltimita mara mbili, kompyuta ikiwa imetulia na ikiwa na kazi nzito, huku ukiangalia ncha za maltimita zisigusane. Tofauti ya volti 0.03 inayobaki usihangaike nayo: ikiwa chipu yako husoma kwa hatua za milivolti 16, kila hatua ikizidishwa kwa 4 huwa milivolti 64, na tofauti yako haifikii hata hatua moja.