Benki nyingine inataka kununua mkopo wangu kwa riba ndogo, nikubali?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni mwalimu hapa Temeke, mkopo wangu umebaki milioni 10, miezi 24, riba 16%, dhamana ni hati ya nyumba yetu ya Mbagala. Benki nyingine wanataka kuununua kwa riba 14%, miaka 6, na makato yatashuka sana. Nisaini?

JIBU: Mwalimu, usisaini kwanza. Hiyo 14 kwa 16 ndo wanayokuonyesha ila kinachokula hela hapo ni ile miaka 6. Nimekupigia hesabu kwa riba ya salio linalopungua, yaani riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu: sasa hivi unakatwa kama laki 4 na elfu 90 kwa mwezi na mpaka umalize riba iliyobaki ni kama milioni 1.75. Ukihamia kule makato yanashuka mpaka laki 2 na elfu 6, kweli utapumua, lakini riba yote itafika milioni 4.8. Yaani asilimia imeshuka na bado umetoa milioni 3 zaidi!

Na hata ukibaki na miezi yako 24 kwa hiyo 14%, unaokoa laki 2 na elfu 28 hivi, hapo hujatoa ada ya mkopo mpya, bima, mthamini wa nyumba, na faini ya kulipa mapema kama mkataba wako wa zamani unayo. Hivyo vikijumlishwa inaweza isibaki kitu. Kama makato yanakubana kweli waombe miaka 3, utakatwa kama laki 3 na elfu 42 na riba milioni 2.3, afadhali hapo.

Muulize pia afisa mikopo, hiyo 14 inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho? Maana 12% ya namna hiyo ya pili kwa miaka 2 ni sawa na kama 21 na nusu ya salio linalopungua, watu wengi sana wanaumia hapa.

Ukiamua kuhama, chukua benki ya zamani barua ya salio (inaonyesha deni lililobaki) yenye tarehe ya mwisho wa kutumika, hela ya benki mpya ikichelewa siku chache riba inaongezeka na kinabaki kideni kidogo ambacho hukijui, kinasoma kwenye taarifa zako za mikopo kama hulipi. Angalia na slipu ya mshahara ya mwezi unaofuata, makato ya zamani wakati mwingine yanaendelea, ukiyaona dai urudishiwe kwa maandishi.

Nyumba sasa. Kulipa deni hakuiondoi rehani yenyewe, lazima benki ya zamani itoe hati ya kufuta rehani na isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndo ya mpya iandikishwe. Na kama ndo nyumba mnayoishi na mwenzi wako, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka naye aridhie rehani hiyo mpya, kwa hiyo mkae naye mezani na hizi namba kabla hamjaenda benki.